Neno la Mhariri: Tumeanza na Selimundu

Zikitajwa protini zinazoleta ugonjwa, wengi hukumbuka mabonge ambayo Alois Alzheimer aliyaeleza mwaka 1906, aliyoyakuta katika ubongo wa mama mmoja wa Kijerumani aliyekuwa amepoteza kumbukumbu, au prioni zilizompa Stanley Prusiner Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Toleo hili lina makala kuhusu yote mawili, na yanatuhusu. Wazee wetu nao hupotewa na kumbukumbu, na wapo wanaosingiziwa uchawi kwa sababu hiyo. Hata hivyo nimeamua makala ya kwanza iwe ya selimundu.

Kila protini huanza ikiwa mnyororo wa asidi amino, kisha hujikunja na kupata umbo, na kazi yake hutegemea umbo hilo. Hemoglobini ina minyororo minne yenye jumla ya asidi amino 574. Kwa mwenye selimundu, asidi amino ya sita katika minyororo miwili ya beta imebadilika: palipopaswa kuwa na glutamiki pana valini. Ni hilo tu. Lakini glutamiki hupatana na maji, na valini huyakwepa. Hemoglobini ikishatoa oksijeni hubadilika umbo kidogo, ikaacha wazi kijishimo ambamo valini ya jirani huingia na kutulia. Ya kwanza hushika ya pili, ya pili ya tatu, hadi nyuzi 14 zikasokotana kama kamba ya katani, na chembe nyekundu ya damu iliyokuwa laini ikakakamaa na kupinda. Mishipa midogo huziba. Mtoto hulia miguu, mgongo, kifua, na mama hukesha naye.

Wapo wataalamu watakaonipinga: hemoglobini hii imejikunja sawasawa, tofauti na protini za Alzheimer zinazopoteza umbo lake. Ni kweli. Ila madhara yanatoka mahali pamoja, protini kushikamana pasipotakiwa, na sijui ugonjwa mwingine wa ukoo huu ambao kisa chake kinafahamika kwa undani kiasi hiki. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa kasoro iko kwenye molekuli yenyewe. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaifuatilia hadi kwenye asidi amino moja. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akaeleza kwa nini jeni hii imeenea kwetu: anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali.

Kwangu mimi, siri kubwa ya ugonjwa huu ni muda. Nyuzi hazijengeki papo hapo oksijeni inapotoka. Hupita kitambo kwanza, na urefu wake hutegemea mno jinsi hemoglobini yenye kasoro ilivyosongamana ndani ya chembe. Ukipunguza msongamano kidogo tu, kitambo hurefuka mara nyingi, na chembe huwahi kupenya mshipa mwembamba na kurudi mapafuni kabla haijapinda. Muuguzi anayesisitiza mtoto anywe maji ya kutosha anapigania kitambo hicho hicho, kwa kuwa chembe iliyokaukiwa maji huibana hemoglobini yake.

Kitambo hicho ndicho kinachowalinda pia watoto wachanga. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto huko New York, alieleza kuwa chembe zao huchelewa kupinda. Zimejaa hemoglobini waliyotoka nayo tumboni, ambayo haijiungi na nyuzi. Hemoglobini hiyo hupungua miezi ya mwanzo, na hapo ndipo maumivu huanza. Haidroksiurea, dawa iliyoanzia kwenye saratani, huirudisha kwa kiasi. Na majaribio hayakuishia Marekani. Watoto wa Kinshasa, Kilifi, Mbale na Luanda waliinywa chini ya uangalizi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, kuongezewa damu kumepungua, malaria imepungua, na vifo pia.

Kwa hiyo sayansi hii imeshafika hadi kwenye kidonge. Tanzania peke yake inakadiriwa kuwa na watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka, na wengi hugunduliwa wakiwa tayari wamelazwa, wakati tone la damu la siku ya kuzaliwa lingetosha kuwatambua. Nawaomba wasomaji wetu walioko wizarani, kwenye bima ya afya na kwenye hospitali za wilaya wasome makala ya kwanza wakiwa na swali moja la kujibu: mtoto aliyezaliwa leo katika wodi yenu atapimwa lini, na dawa ataipata wapi?