Muulize pia nani alimununulia ordinatere

Vijana wenzetu wa Kisangani, kaka na dada wa Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo, commune ya Kisangani na ngambo kule Lubunga,

Wiki mbili zimepita, leki wetu mumoja, finaliste wa humanités hapa Makiso, alitutumia ku WhatsApp liste ya maulizo kumi na mbili. Mwalimu wao amewapa kazi: kila mutu achague kazi anayotaka kufanya kisha Examen d'État, atafute mutu anayeifanya, amuulize, aandike majibu. Wenzake walichagua daktari, avoka, mutu wa douane. Yeye aliandika: mutengenezaji wa michezo ya video. Darasa yote ikacheka. Mwalimu, na tunamushukuru, hakucheka. Alimwambia tu: "Sawa, basi umutafute huyo mutu."

Njo akatufikia sisi. "Bayaya, hamujue mutu mumoja mwenye anafanya hiyo kazi hapa kwetu?"

Tulitafuta. Tuliuliza ku UNIKIS, tukauliza kwenye cyber, tukauliza hata kwenye sale za PlayStation fasi watoto wanalipa kwa partie. Tulipata vijana wanaotengeneza telefone, vijana wanaojenga site za intaneti, na wawili watatu wanaojifunza kutengeneza michezo peke yao usiku. Mutu anayekula kwa hiyo kazi, hatukumupata. Kama uko Kisangani na unasoma hii, utusamehe na utuandikie leo, leki anakungoja.

Kisha tukasoma maulizo yenyewe. "Ulianza kucheza ukiwa na miaka ngapi?" "Mchezo gani unaupenda zaidi?" "Ulisoma nini?" "Unapata pesa ngapi kwa mwezi?" "Kipaji chako ulikijua lini?" Ni maulizo mazuri, na sisi wenyewe tungeuliza vile vile. Lakini kwa yote kumi na mbili hakuna hata moja lenye neno umeme. Hakuna lenye linauliza nani alimununulia ule mutu ordinatere yake ya kwanza. Hapo njo tuliona kwamba hii kazi ya shule inatuhusu sisi wote.

Tuchukue mutu mwenye anajulikana. Lual Mayen ni mutoto wa Sudan Kusini. Wazazi wake walikimbia vita, yeye akazaliwa njiani, akakomalia ndani ya kambi ya wakimbizi kaskazini ya Uganda. Alikaa mule miaka 22. Ordinatere aliiona mara ya kwanza fasi walikuwa wanaandikisha wakimbizi, akamwambia mama yake: mimi nataka ile. Mama alichunga pesa kidogo kidogo miaka mitatu, bila kumwambia, mpaka ikafika dola 300. Siku moja akamupatia. Sasa, umeme atapata wapi? Kambini hakuna. Lual alikuwa anatembea kwa miguu saa tatu kwenda cyber kushaji na kujifunza, na saa tatu za kurudi. Kwa hiyo mashine akatengeneza Salaam, mchezo wenye unakimbia mabomu, unatafuta maji na chakula, na bunduki hauna. Mwaka 2018, The Game Awards kule Marekani ilimupa heshima ya Global Gaming Citizen. Leo ana studio yake, Junub Games, mu Washington.

Watu wanapenda kusimulia hii habari kama habari ya kipaji. Kipaji anacho, hatubishane. Lakini uisome tena kama mutu wa soko anavyosoma hesabu: dola 300, miaka mitatu ya mama, saa sita za miguu kila safari. Katika Mangobo peke yake kuna akina Lual wangapi wenye mama zao walianza kuchunga ile pesa, kisha ikaenda kwa minerval, ikaenda kwa dawa, ikaisha? Hao hakuna mutu anakuja kuwauliza maulizo kumi na mbili.

Olivier Madiba wa Kameruni alianza kuota mchezo wake Aurion mwaka 2003, akiwa mwanafunzi wa universite kule Yaoundé. Mchezo ulitoka mwaka 2016. Miaka kumi na tatu! Katikati alianzisha Kiro'o Games, na pesa aliitafuta kwa kuuza hisa kidogo kidogo kwa watu wengi kupitia intaneti, kisha mwaka 2015 akaomba tena ku Kickstarter. Nairobi, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, wakati wengi wetu hapa tulikuwa hatujashika telefone ya kugusa na kidole. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakafungua Leti Arts. Na jirani wetu wa Centrafrique, Teddy Kossoko, alichukua kisoro, ule mchezo wa mbegu na mashimo wenye wazee wanachezaka chini ya muti, akaufanya mchezo wa telefone. Lakini aliufanyia Toulouse, Ufaransa, fasi alienda kusoma. Leki, hilo pia uliandike kwenye liste yako: "Yaya, ulibaki kwenu ama ulilazimika kuondoka?" Madiba na Kirinya walibaki. Wengine wawili, kazi yao ilikomala mbali.

Kuna kitu kingine tulimweleza, juu aliuliza kama ni lazima mutu awe mukali wa kucheza. Hapana. Kucheza ni sehemu ndogo, na hata hiyo ni ya mupimaji, ule anayecheza fasi moja mara mia akitafuta makosa, mpaka anachukia mchezo. Wengine ni mwandishi wa kodi, muchoraji, mutu wa muziki na sauti, mutu wa hadithi, na mutu wa pesa. Kisangani tuna wachoraji wa enseigne wenye mukono hautetemeke. Tuna wanamuziki kila avenue. Tuna akina nyanya wenye hadithi ambazo hazijaandikwa popote. Wenye kukosa zaidi ni wale wa kodi, na hao wanafundishika.

Kwa wale wenye wanataka kuanza leo na pesa ya mega inawauma: kuna injini ya kutengenezea michezo inaitwa Godot. Ni ya bure kabisa, kodi yake iko wazi tangu 2014, na kuipakua haikule mega sana. Zingine zenye watu wanasifu zinaomba giga nyingi mbele hata ya kufunguka. Godot inafunguka hata ku telefone ya Android. Si raha, lakini inafunguka. Kuna Blender kwa michoro ya 3D, nayo bure. Siku ya kuuza, Google inaomba dola 25 mara moja, Apple inaomba 99 kila mwaka, na wote wanataka karte ya benki. Wangapi kati yetu wana karte ya benki? Tunalipa na kulipwa kwa telefone. Hilo ni ukuta wa kwanza wenye kijana wa hapa anagonga hata kama mchezo wake ni muzuri.

Ukuta wa mbele yake ni umeme. Barrage ya Tshopo iko hapa hapa ndani ya muji. Ilijengwa wakati wa Wabelgiji, miaka ya 1950. Mashine ni tatu, na hata siku zote tatu zinatembea pamoja hazifikie megawati 20, kwa muji wenye umepita watu milioni moja. Na siku hazitembei zote tatu, kila mutu anajua nyumba yake inawaka saa ngapi. Kule Lubunga kuna familia zenye hata saa ya kungojea hazina. Mwanafunzi anayejifunza kodi anaamuka saa nane ya usiku juu umeme umekuja, anaandika mpaka asubuhi, anasinzia darasani, mwalimu anamwita muvivu.

Makaratasi, inchi hii inayo. Plan national du numérique ya mwaka 2019 iliitwa "Horizon 2025". Mwaka 2025 ulifika, tuliuona. Sheria ya startup ilitoka Septemba 2022. Code du numérique ikatoka Machi 2023. Tumeyasoma, mengine ni mazuri kweli. Na tunakumbuka pia RAM: kuanzia Septemba 2020 mutu mwenye telefone ya 3G ama 4G alikatwa mpaka dola 7 kwa mwaka ndani ya unité zake, mpaka wananchi wakasema basi na ikafutwa mwaka 2022. Pesa yetu iliendeshwa mbio kuliko umeme wetu.

Sasa ulizo la kumi na moja. Leki aliandika: "Inawezekana kutengeneza mchezo juu ya Vita ya Siku Sita?"

Tulibaki kimya siku nzima kabla ya kumujibu. Kati yetu kuna wenye walizaliwa kisha, na kuna wenye walikuwa chini ya kitanda. Tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya muji wetu kama vile sisi hatupo. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa inahesabu kati ya raia 244 na 760 waliouawa, zaidi ya 1.000 waliojeruhiwa, nyumba zaidi ya 400 zilizobomolewa. Familia za hapa zinasema waliokufa ni wengi kuliko vile. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya La Haye iliamua Uganda ilipe Congo dola milioni 325 juu ya mabaya ya ile vita yote. Watoto wa darasa la leki wanajua majina ya bunduki zote za michezo ya Marekani. Ukiwauliza ni nini ilifanyika kwenye daraja ya Tshopo, wengi wanajua tu kwamba "kulikuwa vita."

Wageni wameshatuweka ndani ya mchezo. Mwaka 2011 Mutaliano Paolo Pedercini, anayefanya kazi kwa jina la Molleindustria, alitoa Phone Story, mchezo wa telefone juu ya telefone yenyewe. Fasi ya kwanza ni Congo: wewe mwenye kucheza unasimamia watoto wanaochimba coltan, wenye kupumuzika unawafanya waendelee. Apple iliuondoa ku duka yake siku chache tu kisha kutoka. Tunamuheshimu aliyeutengeneza, alisema ukweli wenye wengine hawakutaka. Lakini ndani ya ule mchezo Mucongomani hana jina, hana mama, hana avenue. Udongo wetu unaenda kuwa telefone, telefone inarudi na mchezo ndani, na ndani ya mchezo tuko watu wa kuonyeshwa na bunduki.

Basi tulimujibu leki: inawezekana, lakini usianze kwa bunduki. Uangalie namna Lual alifanya. Umutafute mama mwenye alivusha watoto siku ile, umuulize alibeba nini, aliacha nini, maji aliyatoa wapi wakati robinet zilikauka. Umuombe ruhusa. Akikataa, ukubali. Na kama unaogopa kukosea, uanze na mchezo mudogo: toleka moja, abiria mumoja, mvua, barabara ya Mangobo yenye mashimo. Hata huo hatujauona popote.

Kwa wakubwa, tunaomba vitu vidogo na tutarudia kuviomba kila mwezi. Universite na instituts za muji huu zina sale za ordinatere zenye zinafungwa Jumamosi: zifunguliwe siku hiyo kwa wanafunzi wa humanités, tutaleta wasimamizi wa kujitolea sisi wenyewe. Serikali ya jimbo itangaze kwa maandishi, commune kwa commune, ratiba ya umeme, Lubunga ikiwa ndani, ili mutoto ajue atasoma saa ngapi. Na kila sale yenye inafunguliwa kwa pesa ya umma iwekwe pano za jua juu ya paa mbele ya kukata kamba na mukasi. Tumeshaona sale zenye kamba ilikatwa na ordinatere bado ziko ndani ya karton.

Kuhusu liste, leki ameisahihisha. Sasa ni maulizo kumi na tano, na ya kwanza inasema: "Yaya, siku ya kwanza ulishaji wapi?" Tumeandikia watengenezaji watatu wa inchi za jirani tukiwaomba wamujibu kwa sauti ku WhatsApp, juu video itakula mega. Mumoja ameshakubali, Jumamosi hii, saa kumi ya alasiri. Tutasikiliza pamoja, na wale vijana wawili watatu wanaojifunza usiku watakuwepo. Mwenye jenereta ndogo ama batri ya jua anayeweza kutuazima kwa saa mbili, atuandikie kabla ya Ijumaa. Mafuta tutachanga.