Kitabu cha historia kisomwe kwanza, ndipo kinunuliwe

Mtoto aliyekaa katika darasa la shule ya kikoloni alifundishwa kwamba historia ya nchi yake ilianza siku wageni walipotia nanga pwani. Kilwa, mji ambao Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331 na kuusifu, haukuwa na nafasi katika masomo yake ila kama magofu. Mwaka 1934 kilichapwa London kitabu cha James Mbotela, "Uhuru wa Watumwa". Kiswahili chake ni fasaha, na mwandishi wake alikuwa Mwafrika, mtoto wa mtu aliyeonja utumwa. Hata hivyo, humo Mwingereza ndiye mkombozi. Mtoto aliyekifunga kitabu hicho hakupata kujua kwamba Uingereza yenyewe ilikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa watumwa katika bahari ya Atlantiki.

Mfano huo unafaa kukumbukwa leo, kwani wako wanaodhani kwamba kitabu kikiandikwa na mzalendo, tena kwa Kiswahili, basi kimekwisha kupita katika chujio. Mitaala mipya ilianza kutumika mwaka 2024, na somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili. Vitabu vya kiada vinatayarishwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na hapo mwalimu hana la kuchagua. Anachagua vitabu vya ziada na vya maktaba, na huko ndiko mambo yanakolegea. Mara nyingi kinachoamua ni bei, picha ya jalada, au ahadi kwamba kitabu kinajibu maswali ya mtihani.

Mizani nzuri ya kupimia kitabu cha aina hiyo ni Vita vya Maji Maji. Mwalimu akiwa bado dukani, na afungue ukurasa huo ausome. Vipo vitabu vinavyovimaliza vita hivyo kwa sentensi mbili: watu waliamini kwamba risasi zitageuka maji, wakapigwa. Mtoto anayesoma hayo hubaki na jambo moja moyoni, kwamba babu zake walikuwa wajinga. Hakuna mkoloni aliyeomba zaidi ya hapo.

Kweli yenyewe ni pana. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba. Pamba hiyo ililimwa kwa shuruti na kwa kiboko, na mlimaji hakuambulia kitu cha maana. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo, vita ndiyo kwanza vinaanza, navyo vikaendelea mpaka 1907 bila yeye. Maana yake ni kwamba watu wasiokuwa na mtawala mmoja wala lugha moja walikwisha kupata katika maji yale sababu ya kusimama pamoja. Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki, na wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa kwa jumla walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha. Mwanafunzi ambaye kitabu chake hakitaji njaa hawezi kuelewa msamaha huo uliombwa kwa kosa gani.

Lakini lipo kosa la upande wa pili, na hili hutendwa kwa nia njema. Vipo vitabu vya sifa tupu. Hivi ni rahisi kuviandika na rahisi zaidi kuvinunua, kwa kuwa havimuudhi mtu. Mkwawa huonyeshwa akishinda Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akijiua mwaka 1898 ili asishikwe, na fuvu likirudishwa mwaka 1954. Yote hayo ni kweli na yanastahili kufundishwa. Kinachoachwa ni kwamba mwaka 1905 Wahehe hawakuingia katika Maji Maji, na baadhi yao walipigana upande wa Mjerumani. Wapo walimu wanaoona kwamba mambo kama hayo yatavunja umoja. Hofu yao inaeleweka, lakini mtoto wa Iringa anayekaa dawati moja na mtoto wa Songea atayasikia siku moja mahali pengine, tena bila maelezo. Ni afadhali ayasikie darasani, pamoja na habari za uadui wa zamani kati ya Wahehe na Wangoni na za miaka saba ambayo Uhehe ulikuwa umepigana peke yake. Hali kadhalika kwa misafara ya watumwa: kitabu kinachomtaja Mwarabu peke yake, kikanyamaza juu ya watemi waliouza mateka, kinasema nusu.

Tamthiliya nayo isichanganywe na historia. Ebrahim Hussein mwenyewe, alipotoa "Kinjeketile" mwaka 1969, alitahadharisha kwamba mhusika wake ni wa sanaa, si yule mtu wa Ngarambe. Mwanafunzi asipoelezwa hayo atajibu mtihani wa historia kwa matukio ya jukwaani, na lawama haitakuwa yake.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walipelekwa vijijini kuandika maneno ya wazee walioviona vita hivyo. Sehemu ya kazi yao ilichapwa baadaye, kwa Kiingereza na kwa ajili ya wasomi. Wazee wale wote wamekwisha kufariki. Ushahidi wao, ukiandikwa kwa Kiswahili chepesi na kuwekewa ramani, ungemtosha mtoto wa darasa la sita, na kazi hiyo inawahusu Chuo Kikuu na wachapaji. Kwa sasa wathibiti ubora wa shule waingiapo maktaba, pamoja na kuhesabu vitabu vya historia vilivyomo, wamwombe mwalimu awaeleze kimoja alichokisoma mpaka mwisho.