MWALIMU NA MZEE RUKSA WAMETUVURUGIA NYUMBA!

Kwetu si shwari. Leo ni wiki ya tatu mama na mjomba hawasemeshani, na waliowagombanisha ni marehemu wawili: Mwalimu Nyerere aliyezikwa Butiama mwaka 1999 na Mzee Mwinyi aliyezikwa Mangapwani mwaka 2024.

Kisa chenyewe hiki hapa. Tuko mezani, mjomba akaanza sifa za Mwalimu. Yeye mtoto wa mkulima alisoma sekondari bila ada, akapata kazi kiwanda cha nguo. Ndipo mwaka 1985 akaingia Mzee Ruksa, 1986 wakaelewana na IMF, milango ikafunguliwa, mitumba ikamwagika. Kiwanda kikafa, mjomba akarudi nyumbani na begi lake.

"Mzee wenu huyo ndiye aliyenimaliza!" akasema.

Mama, ambaye anauza mitumba Karume, akaacha kula. "Kaka, huo wali unaoula umetoka kwenye mitumba hiyo hiyo!" Akamkumbusha yeye alivyokuwa akitumwa utotoni kupanga jiwe kwenye foleni ya sukari, nguo zikifuliwa kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Mjomba akanawa, akaondoka. Kasheshe!

Mimi nimezaliwa wote wawili wameshatoka Ikulu, basi nijifanye refa.

Mwalimu alituacha taifa moja, lugha moja. Bibi yangu alijua kusoma ukubwani, kwenye darasa la elimu ya watu wazima, ndiyo maana safu hii haimpiti. Lakini kuna waliohamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa, na kuna waliowekwa kizuizini bila kesi. Na zile foleni tusimtupie yeye peke yake: vita vya Amin vya 1978 na 1979 na bei ya mafuta vilikomba hazina.

Mzee Ruksa alirudisha bidhaa madukani, na vyama vingi vikaja 1992. Magazeti ya watu binafsi kama hili yalishamiri wakati wake, kwa hiyo hata mimi ni mtoto wa ruksa! Lakini Azimio la Zanzibar la 1991 ndilo lililowaruhusu viongozi kuwa na hisa na kupangisha nyumba, mambo yaliyokatazwa Arusha mwaka 1967. Hapo mwenye nacho akazidi kupaa.

Kitu kimoja walifanana: kuachia ngazi. Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970 kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga, ingawa yeye hakumgusa mtu. Mwalimu naye aling'atuka 1985 bila kufukuzwa, na akamuunga mkono huyo huyo Mwinyi.

Nilimsomea bibi maneno haya kabla sijayaleta gazetini. Akanyamaza kidogo, akasema: "Bila wa kwanza mwanangu asingesoma. Bila wa pili dada yake asingemlisha alipokosa kazi. Nenda kamwite, mwambie mimi ndiye ninayemwita."

Basi kesho asubuhi niko kwenye daladala la Mbagala. Mama hajui, ila jana nilimwona akinunua samaki wa nazi, chakula anachokipenda mjomba.

Tukutane wiki ijayo!