Kilomita 65 kwa Ajili ya Ngoma na Rangi

Kamati ya harusi ya Dar es Salaam haishindwi. Ndani ya miezi michache, watu waliokutanishwa na kundi la WhatsApp hukusanya mamilioni: kila ahadi huandikwa, anayechelewa hukumbushwa kwa utani unaouma, na mweka hazina hubandika orodha mpya kila jioni. Ujuzi huo upo kila mtaa. Wakazi wa jiji wanaombwa sasa waupandishe kwenye baiskeli, waende nao Bagamoyo, na fedha zitakazopatikana ziwafikie watoto wa shule za msingi.

Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeifanya Sanaa na Michezo kuwa somo la shule ya msingi. Ni hatua nzuri, tena imechelewa. Lakini hakuna mtoto aliyejua kupiga zeze kwa kunakili ubaoni. Anahitaji zeze lenyewe, rangi, brashi, udongo wa kufinyanga, na mtu anayeijua kazi akae naye. Mwalimu mkuu mwenye choo kibovu na madawati pungufu hawezi kutanguliza ngoma, na si haki kumlaumu.

Watu wa kuifundisha kazi hiyo wapo, na wengi wamepitia Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa huko mwaka 1981. Leo ndicho TaSUBa, kinachofundisha ngoma, muziki, maigizo, uchoraji na uchongaji. Mji huohuo ndiko alikoishi Hukwe Zawose, Mgogo aliyeifikisha ala ya ilimba kwenye majukwaa ya Ulaya kabla ya kufariki mwaka 2003. Wenye kushuku faida ya kumwanzisha mtoto mapema waitazame familia yake: mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, Maisha. Watoto wa ukoo huo walikua na walimu nyumbani. Mtoto wa Mbagala au Kerege asiye na bahati hiyo anaweza kufundishwa na mhitimu wa TaSUBa, akilipwa kwa saa, mara mbili kwa wiki.

Kutoka katikati ya Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni takriban kilomita 65, kupitia Mwenge, Tegeta, Bunju na Mapinga. Hesabu yake ni nyepesi. Mfadhili anayeahidi shilingi 500 kwa kila kilomita atatoa 32,500. Mwendeshaji mwenye wafadhili kumi ataleta 325,000. Waendeshaji mia moja wa namna hiyo wataleta 32,500,000, kiasi ambacho kamati nyingi za harusi hazikioni kikubwa.

Njia hii ya kuchangisha si ngeni. Mbio za CRDB zimekuwa zikichangia matibabu ya moyo kwa watoto katika Taasisi ya Jakaya Kikwete, na waendesha baiskeli wamo. Huko Massachusetts, Marekani, watu 36 walianza safari ya baiskeli mwaka 1980 kuchangia utafiti wa saratani, wakapata kama dola 10,200. Safari hiyo, Pan-Mass Challenge, imeshavuka dola bilioni moja. Walioanza walikuwa marafiki tu.

Kuna ugonjwa mmoja wa kuukwepa mapema: fulana, kofia, jukwaa, mshereheshaji, na mchango wote kuishia humo. Fulana isiwepo. Anayependa sare avae jezi ya timu yake, Simba au Yanga, watajuana wenyewe barabarani. Wala safari isigeuzwe kuwa ya wenye baiskeli za gia pekee. Muuza samaki wa Kunduchi na Phoenix yake ana miguu iliyozoea mzigo, na huenda akawaacha wengi Bunju.

Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni, inafaa, na kuondoka kuwe alfajiri kabla ya malori kujaa. Kabla ya hapo, vilabu vya baiskeli viombe vibali na askari wa usalama barabarani. Mafundi baiskeli wa Tegeta na Mapinga wajitolee saa chache kando ya barabara. Walimu wakuu waandike mahitaji yao kwa bei za sokoni, na wenye uzoefu wa kuweka hazina za harusi wajitokeze wa kwanza: wafungue akaunti ya pamoja yenye watia saini watatu, kisha wabandike orodha kila jioni kama walivyozoea, safari hii ikionyesha pia kilichonunuliwa na shule iliyokipokea.