TUSIKIE WIMBO MPAKA MWISHO

Wanafunzi wenzetu,

Sahani ndogo ya 45 tours ilibeba dakika chache tu kwa kila upande. Mara nyingi wimbo uligawanywa: ili kupata sebene, wazee walisimama na kugeuza sahani. Basi walisikiliza kweli.

Siye, kwa simu, tunaruka wimbo mbele haujafika katikati, na tunasema tumeusikia. Uongo! «Indépendance Cha Cha» ya Grand Kallé na African Jazz, ya mwaka 1960, tunaicheza kila 30 Juni. Nani kati yetu alisikia ndani yake jina Conakat, chama cha Katanga ya zamani, kwetu hapa?

Asiyevumilia wimbo moja, atamusikiliza mwenzake namna gani?

Hatuombi sahani zirudi. Jioni moja, wimbo moja, simu chini, kinywa kimya. Kisha tuzungumuze.