Mbio za Hisani na Haki ya Mgonjwa



Siku hizi haupiti mwaka bila parokia zetu kupata mwaliko wa mbio za hisani. Vijana huanza mazoezi miezi mitatu au minne kabla ya siku yenyewe. Huamka alfajiri, hukimbia barabarani kabla ya magari kujaa, na jioni hupita nyumba kwa nyumba na karatasi za ahadi. Huyu huahidi shilingi kumi kwa kila kilomita, yule huahidi mia tano kwa mbio nzima. Viongozi wa walei wametuuliza mara nyingi kama jambo hili lastahili kutiwa nguvu na Tume ya Haki na Amani, au ni mchezo tu wa watu wenye viatu vizuri.

Jibu letu ni kwamba lastahili, tena sana. Lakini anayekimbia kwa ajili ya wengine hujitwika madeni mawili. La kwanza ni deni la hesabu, analodaiwa na waliotoa. La pili ni deni la swali, analodaiwa na mgonjwa: kwa nini huduma hii inangojea jasho la wakimbiaji? Asiyelipa madeni hayo mawili amekimbia nusu ya njia, hata kama amevaa medali.

JASHO LINA THAMANI GANI?

Wapo wanaosema: kama mtu anataka kuwasaidia maskini, atoe fedha zake, ya nini kujichosha? Swali hili si la dharau, na lastahili jibu.

Tumtazame Terry Fox, kijana wa Kanada. Mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 18, alikatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa sababu ya kansa ya mfupa. Huko hospitalini aliona mateso ya wagonjwa wenzake, wengine wakiwa watoto, wala hakuweza kuyasahau. Akajifunza kukimbia kwa mguu wa bandia, na kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja akakimbia kilomita zaidi ya 5,000 za mazoezi tu. Tarehe 12 Aprili 1980 akaanza safari ya kuivuka nchi yake, akienda karibu kilomita 42 kila siku. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, mpaka tarehe 1 Septemba alipolazimika kuacha, kwa kuwa kansa ilikuwa imeingia mapafuni. Alifariki Juni 1981, hajatimiza miaka 23. Alikuwa ameomba dola moja kwa kila Mkanada. Kufikia Februari 1981 mfuko wake ulikuwa umepita dola milioni 24, nchi yake wakati huo ikiwa na watu milioni 24 hivi.

Kijana huyo hakuwa na mali ya kutoa. Alitoa mwili wake, nao watu walipouona ukichechemea barabarani siku baada ya siku wakafungua mikono yao. Hiyo ndiyo thamani ya mazoezi. Fedha hutolewa kwa dakika moja. Mazoezi huchukua miezi, na kila asubuhi mkimbiaji humkumbuka yule anayemkimbilia. Jirani anayemwona akipita kwenye mvua hujua kwamba ombi lake si maneno matupu. Tena Terry Fox hakuomba fedha za vitanda peke yake. Aliomba fedha za utafiti, ili chanzo cha ugonjwa kijulikane. Jambo hilo tulishike, maana tutalirudia.

Hata hivyo tusidanganywe na ukubwa wa hesabu. Mbio za London, zilizoanzishwa mwaka 1981 na Chris Brasher na John Disley, zimekuwa mfano wa dunia nzima: mwaka 2024 wakimbiaji wake walichangisha zaidi ya pauni milioni 70. Mashirika ya hisani hununua nafasi katika mbio hizo, naye mkimbiaji akipewa nafasi huahidi kukusanya kiasi kilichowekwa. Ni utaratibu wenye matunda. Lakini mwenye marafiki matajiri hukitimiza kiasi hicho kwa juma moja, hali mtoto wa mfanyakazi wa kibarua hushindwa. Kwetu kuna mama ambaye kila siku hutembea kilomita kumi kutafuta maji, na hakuna anayemwandikia ahadi hata ya shilingi moja. Kwa hiyo katika jumuiya zetu tusipime upendo kwa jumla iliyoandikwa chini ya karatasi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

KOO NA MOYO

Sasa turudi nyumbani. Hospitali ya Mater ya Nairobi ilianzishwa na Masista wa Huruma mwaka 1962. Tangu mwaka 1993 jina lake limejulikana pia kwa mbio za moyo, zilizoanzishwa ili kuwalipia matibabu watoto wenye ugonjwa wa moyo ambao wazazi wao hawana uwezo. Kwa miaka mingi maelfu ya watu, wakubwa kwa wadogo, wamejitokeza kukimbia au kutembea kwa ajili ya watoto hao. Wapo walio hai leo kwa sababu hiyo. Mtu yeyote asiyaite matendo hayo mchezo.

Lakini tuulize: watoto hao waliupataje ugonjwa? Wengine walizaliwa na kasoro ya moyo, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Wengine lakini walizaliwa na moyo mzima. Madaktari hutufundisha kwamba mtoto, hasa wa miaka mitano hadi kumi na mitano, hushikwa na maumivu ya koo yaletwayo na bakteria. Asipotibiwa, baada ya majuma machache anaweza kupata homa ya baridi yabisi. Homa hiyo ikimrudia hula vali za moyo wake, mpaka siku moja anashindwa kupanda mlima wa kwenda shule. Ugonjwa huu hupenda nyumba zenye msongamano, watoto wanne kitanda kimoja, na mahali ambapo zahanati iko mbali au haina dawa.

Dawa ya koo hilo ni penisilini, dawa ya zamani. Bei ya sindano yake ni ndogo kuliko bei ya fulana ya mbio. Upasuaji wa moyo ni laki kadhaa za shilingi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumekuwa hodari wa kujenga ukuta, na kila mwaka twapigiwa makofi kwa kuujenga, huku ufa ukizidi kupanuka katika zahanati ile ile tunayoipita tukifanya mazoezi. Mwaka 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kupambana na ugonjwa huu. Azimio ni jema, ila haliwezi kumdunga mtoto sindano. Anayeweza ni muuguzi aliyeajiriwa, mwenye dawa mkononi.

Kwa hiyo tunasema wazi: kumkimbilia mtoto apate upasuaji ni tendo la huruma, kuhakikisha penisilini ipo zahanatini ni wajibu wa haki. La kwanza haliwezi kuchukua nafasi ya la pili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, ulituonya kwamba kile ambacho mtu anastahili kwa haki kisitolewe kana kwamba ni sadaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na ibara ya 53 inamtaja mtoto waziwazi. Mtoto mwenye koo linalouma si ombaomba mbele ya serikali yake. Anadai kilicho chake.

GARI BILA MAFUTA

Mfano mwingine twaujua sote. Mwaka 2014 Margaret Kenyatta, aliyekuwa mke wa Rais wakati huo, alianzisha kampeni ya Beyond Zero ili kupunguza vifo vya akina mama na watoto. Alikimbia mwenyewe mbio nzima za London mwaka huo, akitumia saa saba hivi, na nia ilikuwa kuipatia kila kaunti kati ya kaunti 47 zahanati ya kutembea, yaani gari lenye vifaa vya tiba. Mwanamke asiye mwanariadha kujitesa kilomita 42 kwa ajili ya wajawazito ni jambo la kuheshimiwa.

Lakini gari lahitaji dereva, mafuta, muuguzi na dawa, leo, kesho na mwaka ujao. Hivyo havipatikani kwa mbio za siku moja. Hutoka katika bajeti ya kaunti, kwa kuwa tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Sheria inataka wananchi washirikishwe. Je, katika vikao hivyo, wale maelfu waliovaa fulana huwa wapi? Mara nyingi viti ni vitupu, na anayesemea zahanati ni mzee mmoja aliyekuja kwa miguu.

HESABU HADHARANI

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto juu ya mambo mawili ambayo leo tumeyaunganisha: mbio na mchango. Korintho ilikuwa jirani na michezo mashuhuri ya Isthmia, hivyo alipowatajia mkimbiaji anayejinyima ili apate taji linalonyauka walimwelewa mara moja. Watu hao hao ndio aliowahimiza kuwachangia maskini wa Yerusalemu, akiwaagiza kila mmoja aweke akiba yake siku ya kwanza ya juma, kidogo kidogo, kama mkimbiaji anayeongeza mwendo kila juma. Tena hakuzibeba fedha peke yake. Alitaka wawepo wajumbe waliochaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kumlaumu. Ikiwa Mtume alijiwekea mashahidi, ni nani kati yetu anayestahili kuaminiwa bila stakabadhi?

Twayakumbuka yaliyoipata Harambee. Ilianza kama moyo wa kusaidiana, ikajenga shule na zahanati. Baadaye ikageuka jukwaa la wanasiasa, na maskini wakatozwa michango kwa hofu, hata Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 ikawakataza watumishi kutumia vyeo vyao kukusanya fedha. Mbio za hisani zisipolindwa zitafuata njia hiyo hiyo. Ahadi itolewe kwa hiari, na asiyetoa asitajwe mbele ya watu.

LA KUFANYA

Yafaa basi kila jumuiya inayoandaa mbio izingatie haya.

Kwanza, kamati iwe na mweka hazina na watia sahihi watatu, na paroko asiwe mwenye ufunguo peke yake. Katika majuma mawili baada ya mbio, hesabu ibandikwe mlangoni mwa kanisa: kiasi kilichokusanywa, kiasi kilichotumika kwa fulana, mahema na vipaza sauti, na kiasi kilichomfikia mgonjwa. Ikiwa sherehe imekula zaidi kuliko mgonjwa, waumini wajue.

Pili, mgonjwa aheshimiwe. Picha ya mtoto isitundikwe barabarani bila ridhaa ya wazazi wake, wala asiletwe jukwaani ili watu wamlilie.

Tatu, wakati wa mazoezi wakimbiaji wapitie zahanati ya eneo lao mara moja kwa mwezi na kuuliza kwa adabu: penisilini ipo? Muuguzi yupo? Majibu yaandikwe daftarini pamoja na kilomita. Kikao cha bajeti kikiitishwa, wakimbiaji wale wale wahudhurie na daftari lao. Watu waliozoea kukimbia saa mbili hawatashindwa kuketi saa mbili.

Wapo watakaosema tunaingiza siasa katika huruma, na kwamba mtoto anayehema kitandani hawezi kungojea bajeti. Ni kweli, hawezi. Ndiyo maana tunasema mkimbilieni huyo, mkusanye, mlipe, wala msichelewe. Lakini mdogo wake aliyeko nyumbani ameanza kulalamika koo. Huyo naye ana haki juu yetu, na kumwokoa kwahitaji fedha kidogo na ujasiri mwingi.

Mungu aibariki miguu ya wanaokimbia, na awape pia ulimi wa kuuliza.