Safari Haianzi Uwanjani

Umbali wa anga baina ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, na ule wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni kilomita 73 hivi. Ndege huumaliza kwa dakika 20 au pungufu yake. Hesabu hiyo ni ya kweli, nasi hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni na wale wanaoidhania kuwa ndiyo muda wa safari, wakapanga shughuli za watu kwa kuitegemea.

Tuchukue mfano wa mtu wa Visiwani aliyejenga Goba, kata ya Wilaya ya Ubungo iliyomegwa kutoka Kinondoni. Kutoka kwake hadi uwanjani, kwa mstari ulionyooka, hakuzidi kilomita 20. Lakini barabara hainyooki. Akipita Makongo, hutokea Ubungo, akafuata Barabara ya Mandela hadi Buguruni na TAZARA, ndipo aingie Barabara ya Nyerere. Asubuhi ya foleni, mwendo huo waweza kula saa mbili, na bado hajakaguliwa mzigo wake. Ajabu ni kwamba Unguja iko kaskazini na uwanja uko kusini. Abiria huyu hutumia asubuhi nzima kwenda kusini, ili ndege imrudishe kaskazini na kuipita Goba kwa dakika chache tu.

Jambo hili si la starehe. Msiba ukitokea Unguja alfajiri, na maziko yakawekwa baada ya sala ya adhuhuri, mtoto aliye Goba aweza kukosa kumzika mzazi wake, si kwa kukosa ndege, bali kwa kukwama njiani. Boti ziendazo kasi nazo huchukua kiasi cha saa mbili baharini, na kuifikia bandari kuna foleni yake.

Hatusemi kwamba Serikali imekaa bure. Daraja la Mfugale pale TAZARA lilifunguliwa mwaka 2018, na lile la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021. Mafundo mawili makubwa yalifunguliwa. Hata hivyo, daraja hufungua fundo pale lilipo tu. Gari lililovuka upesi hukuta foleni nyingine mbele yake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, pawepo mabasi ya kwenda uwanjani moja kwa moja kutoka Ubungo kwa Barabara ya Mandela, yenye saa maalumu ya kuondoka na ya kufika. Daladala zipo, lakini husimama kila kituo, na abiria wa ndege hawezi kuziwekea ahadi. Pili, ofisi za Serikali, Bara na Visiwani, zinapowaita watu ng'ambo ya pili, zihesabu safari kutoka mlangoni hadi mlangoni. Kikao cha saa tatu asubuhi humlazimisha mgeni alale ugenini kwa gharama. Kikisogezwa hadi saa sita, huenda na kurudi siku moja.

Bahari iliyo kati yetu ni nyembamba, na ndege zimekwisha kuifanya nyembamba zaidi. Kilichobaki ni kazi ya nchi kavu, na kazi hiyo imo mikononi mwetu.